Matairi Yangu, Gari la Mirathi

Nianze na lililo wazi: matairi yalikuwa yangu. Gari lilikuwa la mirathi, sikatai. Baba alikufa akaliacha, shehe alikuwa bado hajakaa nasi kugawa, kwa hiyo lilikuwa la mama, la mdogo wangu na langu, kila mtu na fungu lake ndani yake. Lakini matairi manne mapya niliyanunua mimi peke yangu, kwa mshahara wangu wa ualimu, na niliyanunua kwa safari moja tu.

Safari yenyewe ni hii. Baba alizaliwa Mkwaja, akausia azikwe Mkwaja. Siku ileile aliyofariki wanaume wakampeleka, mama akabaki nyumbani Makorora, kaanza eda. Kwetu mwanamke hafuati jeneza. Basi miezi minne na siku kumi mama alikaa ndani na nguo zake nyeupe, hajui mumewe wa miaka arobaini na kitu kalazwa wapi. Kila baada ya magharibi ananiuliza, "Hivi pale panapitiwa na maji?" Nami namwambia, mama, sijui, hata mimi sijafika. Akimwuliza mdogo wangu, ambaye alishuka mpaka ndani ya kaburi, kwenye mwanandani, kumpokea baba, anajibiwa, "Pazuri, mama." Pazuri! Mtu kaulizwa habari za kaburi la baba yake, anajibu kama kaulizwa hoteli.

Eda ilikuwa inakwisha Jumamosi. Nikamwahidi mama kuwa Jumapili asubuhi tutampeleka. Ilikuwa msimu wa mvua, na ukishavuka Pangani kuna vipande ambavyo lami haijafika, udongo wake ukilowa unateleza kama bamia. Matairi ya zamani yalikuwa vipara vitupu. Ndiyo maana nikanunua mapya, meno marefu, yanakamata hata kwenye tope. Nikayafungisha, nikayatazama, nikasema alhamdulillahi, mama atafika.

Sasa njoo kwa huyu mdogo wangu. Anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Horohoro, na pale mpakani kapata marafiki wa Mombasa wenye wazimu wa magari. Si magari ya kupeleka watu kazini. Magari ya kuzunguka. Wanatafuta mahali, wanapanga mapipa, halafu wanazunguka kutwa nzima, hakuna mshindi, hakuna zawadi, wakichoka wanarudi kwao. Safari hii walikuwa wamepata uwanja wa ndege wa zamani wa shamba moja la mkonge huko upande wa Maramba. Siku yao, bila shaka mmeshaijua, ni Jumamosi.

Ijumaa baada ya swala akaja. Gari lake lilikuwa limefunguliwa injini kwa fundi.

"Dada, nalitaka gari kesho."

"La kwenda wapi?"

Akanieleza. Nikacheka kwanza, nikidhani utani. Nilipoona hacheki nikamwambia hapana. Unajua alinijibu nini? Akanijibu kwa mirathi. Eti mtoto wa kiume anapata mafungu mawili, wa kike moja, kwa hiyo katika lile gari yeye ana zaidi ya nusu, na mwenye zaidi ya nusu haombi, anaarifu.

"Haya, chukua nusu yako uende nayo," nikamwambia. "Lakini matairi ni yangu. Nenda na ringi."

"Dada, acha hizo. Ni lami tupu kule. Lami inamaliza tairi?"

Mama alikuwa amekaa nyuma ya pazia la chumba chake, anasikia yote. Mjue kwamba baba alikuwa dereva wa lori la mkonge, na mama aliishi naye miaka yote ile. Akasema kutoka kule ndani, taratibu, "Hayo mapya mnayapeleka wapi? Si mfunge yale makuukuu yaliyoko uani. Nguo ya shamba siyo nguo ya Idi."

Na sisi, watu wazima na akili zetu, tukajibu kwa pamoja: "Mama, wewe pumzika."

Ndivyo tulivyokuwa tukimjibu miezi yote minne. Ukiwa na mjane ndani ya eda humsumbui, humbebeshi mambo, akisema neno unamwambia apumzike. Tulidhani ndiyo heshima. Mdogo wangu akaona kuwa tairi kipara litamwaibisha mbele ya Wamombasa, nami nikaona mama kaongea kwa majonzi tu. Nikashindwa na maneno ya yule bwana, nikatoa funguo, kwa sharti kwamba nakwenda naye kulinda matairi yangu. Kulinda! Mtume wangu.

Tulifika kabla ya saa nne. Uwanja ulikuwa kipande kirefu cha lami kongwe, changarawe zimechomoza kama msasa, mapipa yamepangwa, kona zote zinapinda kulia. Kulikuwa na fundi mmoja wa makamo kutoka Mombasa, kofia ya kiua kichwani, amekuja na pikapu imebeba matairi mengine manne. Aliyoendeshea njiani aliyavua, akafunga yale mengine. Nikamsogelea, nikamwamkia, nikamwuliza kwa nini anajisumbua. Akalitazama gari letu, akalishika tairi, akabonyeza yale meno marefu kwa kidole gumba.

"Mapya haya?"

"Mapya."

"Loo, dada yangu. Haya ndiyo mabaya kuliko yote kwa mchezo huu. Meno marefu yanayumba kwenye kona, yanapata moto, yanakatika. Hapa mtu huja na matairi ambayo wiki ijayo angeyatupa. Yaliyolika, mafupi. Yale ndiyo yanatulia."

Maneno ya mama, neno kwa neno, yametoka kinywani mwa mtu mwenye kofia na pikapu, na sasa ndiyo nayasikia.

Nikamwita mdogo wangu. Fundi akamweleza kwa upole: punguza upepo, maana tairi likipata moto upepo unapanda wenyewe, zunguka mara tatu tu, toka, liache lipoe, na ukimaliza, jaza tena kabla ya kurudi barabarani. Elimu ya bure. Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa, fundi alipogeuka akanong'ona, "Huyu anataka niteleze anicheke." Tena asubuhi alikuwa ameyajaza upepo mpaka yamekuwa magumu, kama anakwenda kupakia machungwa Muheza. Hakupunguza hata kidogo.

Akazunguka mara tatu, akazunguka mara nane, sikuhesabu tena. Lile gari la baba, lililokuwa likitupeleka msikitini siku ya Idi, linalia kwenye kila kona kama mbuzi anayeburutwa. Mimi nimesimama kando na baibui langu, napunga mikono, napiga kelele toka, toka we mtoto, na wale wengine wanadhani namshangilia. Mmoja akaniletea soda.

Alipotoka nikaenda moja kwa moja kwenye tairi la mbele kushoto. Ukilishika linaunguza. Bega lote la nje limechunika, meno yamenyofoka vipande vipande, mahali pamoja nyuzi zimeshatokeza. La mbele kulia nalo limeparurwa. Nikamwambia, haya, umeridhika, twende nyumbani, mama anatoka eda leo, watu watakuja.

"Bado ya nyuma mazima," akasema.

Astaghfirullah. Yule kijana alichukua jeki, akahamisha yale mawili ya nyuma akayafunga mbele, mabovu akayatupa nyuma. Eti anagawa sawasawa, kila tairi lipate fungu lake. Alikuwa anacheka. Nikamwambia kama ana kichaa ajitangaze mapema tumtafutie dawa. Nikampokonya funguo mkononi.

Hapo ndipo ningewasha gari, nikaondoka, na hadithi ikaishia pazuri kwangu. Lakini akasema mbele ya watu, "Mwacheni dada aende. Yeye huendesha kama kabeba trei ya mayai." Wakacheka wote, hata yule wa soda.

Nami nina hasira, mnaniona. Nikaingia. Nikafunga mkanda. Nikajiambia nazunguka mara moja tu wanyamaze, halafu napinda kushoto naelekea barabarani. Nikazunguka mara moja. Nikalipita lango la kutokea.

Sitaki kusema uongo. Nilifurahi. Miezi minne nilikuwa nikitembea kwa ncha za vidole katika nyumba ile, nikipokea pole, nikichemsha chai ya wageni wa pole, sauti chini, kicheko hakuna. Kwenye kona ya pili gari likalia nami nikalia nalo, nikapiga ukelele wa hasira na wa baba na wa kila kitu, na hakuna aliyenisikia. Nikarudia. Nikazunguka mara sita au saba. Nilipohisi usukani unatetemeka, du-du-du-du, nikaondoa mguu, nikasimama, nikashuka. Yale mawili yaliyokuwa mazima, ambayo yangetosha kutufikisha Mkwaja yakiwa hukohuko mbele yakilivuta gari, nilikuwa nimeyachuna mimi mwenyewe. Nyani haoni kundule. Fundi wa Mombasa alikuja akatazama, akatikisa kichwa, akanipigapiga begani.

Tulirudi mwendo wa harusi, kila gari la magunia likitupita. Njiani tukakubaliana mama asijue. Nilipofika nikajichanganya na wanawake waliokuja kumtoa eda, nikamkumbatia, nikamvisha kanga yake mpya. Mdogo wangu akazunguka uani, akamtimua kuku aliyekuwa akilalia ndani ya tairi mojawapo la zamani, akayabingirisha yote manne kwa fundi pancha wa mtaani. Mshahara wangu nilikwisha kuuvalisha miguuni mwa gari, na wake ulikuwa ndani ya ile injini iliyofunguliwa. Nikasema tukope, tukodi gari. Mama akasema hapana, anakwenda na gari la mumewe.

Usiku mvua ikanyesha, kama imetumwa. Asubuhi mama akatoka na baibui lake jipya, hatua yake ya kwanza nje ya mlango tangu baba. Akasimama. Akayatazama magurudumu moja moja. Nilijiandaa kwa kila neno. Akasema bismillahi tu, akaingia, akakaa mbele.

Tulivuka Pangani vizuri. Lami ilipokwisha, mdogo wangu akapunguza mwendo, nikaona shingo yake inatoka jasho. Tulikwenda tukiyumba, tukateleza, tukanyooka. Kisha pakaja mteremko mdogo wa udongo mwekundu, wala si kitu, tairi lenye meno lingepita likiimba. Gari likageuka ubavu polepole likaingia kwenye tope, na vile vipara vikazunguka palepale, vikiturushia matope kwenye vioo. Tulisukuma. Tukaweka matawi. Tukasukuma tena, mimi na baibui langu limeganda matope mpaka magotini. Nilimtukana mdogo wangu kwa kila kitu ninachokijua, na yeye akazidi kusukuma tu.

Tulipoinua macho, mama hakuwamo ndani. Alikuwa ameshashuka, ameshika viatu mkononi, amekunja baibui hadi juu ya vifundo vya miguu, anatembea pembeni ya njia kwenye majani. Mwanamke wa miaka sabini. Nikamkimbilia, mama, ngoja, tutapata watu wa kututoa. Hakugeuka. "Nimengoja ya kutosha," akasema.

Tulimfuata zaidi ya saa nzima, mimi na mdogo wangu nyuma. Makaburini mdogo wangu akatangulia kuonyesha, akasimama penye kaburi, akainamisha kichwa.

Mama akatoa salamu. Akakaa chini kando ya kaburi, miguu yake imejaa matope, akaanza kuzungumza na baba kama alivyokuwa akizungumza naye akirudi kutoka safari.

"Nimekuja kwa miguu, baba watoto, usinione hivi. Gari lako walilipeleka kucheza. Huyu wa kiume akayamaliza matairi mawili. Na huyu wa kike, unayesema ndiye mwenye akili, akayamaliza mawili yaliyobaki."

Nilishtuka. Mama akanitazama. "Jana ulinikumbatia," akasema. "Nimefua nguo za dereva miaka yote ile, nikasahau harufu ya mpira ulioungua? Na usiku nikawasikia mkigombana nani kamaliza yapi. Niliwaambia mfunge makuukuu. Mkaniambia nipumzike."

Nilisema, mama, nisamehe, na mdogo wangu akasema hivyohivyo. Mama alikuwa ameinama, anapapasa udongo wa kaburi kwa kiganja, kisha anapapasa chini yake, upande wa kulia, upande wa kushoto, baada ya mvua yote ile ya usiku. Mahali penyewe palikuwa na mwinuko kidogo, mchanga mtupu, maji yameshashuka na jua limeukausha. Akainua kiganja, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

"Pazuri," akasema.