Mabuu ya Yungiyungi

Lambo letu la Chamwino lilinuka tope, mkojo wa ng'ombe na majani ya yungiyungi yaliyobabuliwa na jua. Majani hayo yalikuwa na michirizi myeupe iliyopindapinda, na sisi tulionywesha mifugo pale tulijua kuwa ndani yake mna mabuu yanayochimba njia huku yakila. Ni ya mdudu gani, hakuna aliyejua. Ndipo alipokuja shuleni dada mmoja, mwanafunzi wa chuo cha Chimwaga, akatuambia kwamba atakayemletea Jumatatu buu la kutambulika atakwenda naye chuoni kulitazama kwa hadubini. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza darasa. Safari ile niliihesabu yangu.

Nilichuma majani mazuri kuliko ya wote, nikayaanika juu ya paa la tembe letu kama mama alivyoanika mboga ya mlenda, maana kwetu kitu cha kutunzwa huanikwa. Binamu yangu Ndahani, aliyezoea kushika mkia darasani, alitumbukiza jani lake moja kwenye kibuyu cha maji, basi. Jumatatu dada yule alipasua jani langu akakuta kitu kilichokauka kama kipande cha uzi. "Huyu hatambuliki tena, mdogo wangu." Alipopasua la Ndahani, buu likajinyonganyonga kidoleni mwake. "Mnaona kichwa hiki cha kahawia? Buu la nzi halina kichwa cha kuonekana. Huyu akikua atafanana na mbu, ila haumi." Darasa zima likanigeukia: "Msomi katuletea mboga! Ugali uko wapi?" Ndahani akapanda gari la chuo. Mimi nikabaki na vumbi lake.

Wanasema wivu haujengi. Mimi umenijenga. Nilifyatua matofali nikajisomesha Morogoro, nikarudi na stashahada na hadubini niliyoinunua kwa jasho langu. Leo wenye mabwawa ya samaki huniletea majani niwaambie kinachoyatoboa, na wilayani humu simjui wa kunizidi. Juzi nilimfuata Ndahani mnadani Chemba, anakouza mbuzi, nikamweleza yote hayo, kuanzia lile buu.

"Buu gani tena, binamu?" aliuliza huku akicheka.

Nikamkumbusha gari, hadubini, Chimwaga. Akakuna kidevu.

"Kumbe nilifika Chimwaga? Labda. Nakumbuka tulipewa soda." Kisha akamgeukia mteja wake.

Nikasimama katikati ya mbuzi, wivu ukinichoma upya. Alinishinda, na ushindi wenyewe hata hana haja nao.