Zebaki Niliyoiweka Mfukoni

Kazi ile niliipata kwa sababu ya baiskeli, si kwa sababu ya akili. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu, nikapita kazi nyingi: kupiga kasia Nyangwe, kuchoma matofali ya mapadri, kupakia magunia ya pamba. Kila mahali niliondoka mara tu nilipoelewa kazi inavyokwenda, maana kitu nikishakielewa kinanichosha. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Hospitali ya Kasongo ilitafuta mtu mwenye baiskeli ngumu ya kubeba mizigo ya munganga kwenye safari ya vijiji, upande wa Kabambare. Nilikubali kabla ya kuuliza mshahara, kwa sababu nilikuwa nimeliona sanduku.

Lilikuwa sanduku la chuma lenye kufuli. Ukilifungua, kifuniko kinasimama wima, na juu yake kuna mrija wa kioo wenye mistari na namba. Chini kuna kikombe cha zebaki, na pembeni kitambaa cha kufunga mkono na mpira wa kuminya. Munganga anakufunga kitambaa, anaminya mpira, zebaki inapanda mrijani. Anasikiliza kwenye kiwiko chako, anaiacha ishuke polepole, kisha anakusomea namba. Hiyo ndiyo tansio, nguvu ya damu ndani ya mishipa. Kumi na mbili ilikuwa nzuri. Kumi na tano ilimfanya munganga akunje uso. Zaidi ya hapo alivua miwani.

Munganga mwenyewe hakuwa daktari. Daktari alikuwa Mbelgiji na alibaki Kasongo. Huyu wetu alikuwa muuguzi wa zamani, mtu mzima wa viatu vilivyong'aa hata katikati ya matope, na watu wa vijijini walimwita munganga kama wanavyomwita kila mwenye koti jeupe. Yeye naye alikuwa mgonjwa wa tansio. Yake ilikuwa kumi na nane, na daktari alimkataza chumvi kabisa. Kwa hiyo alikula wali mtupu, ndizi za kuchemsha na sombe, majani ya muhogo, isiyo na ladha, na kwa kuwa mpishi nilikuwa mimi, hasira ya kila sahani iliniangukia mimi. Mbaya zaidi, nyuma ya baiskeli yangu nilikuwa nimefunga furushi la makayabo, samaki wa chumvi ambao munganga alitumwa awapelekee wakwe zake Kabambare. Jua likiwaka, harufu ilimfikia. Kila jioni aliniuliza kama furushi bado liko. Nilijibu liko. Aliguna, akala ndizi zake.

Watu wa vijiji walilipenda lile sanduku kuliko dawa zote. Waliamini kuminywa mkono ndiyo matibabu. Mama mmoja aliyepimwa asubuhi alirudi saa sita na mkono wa pili, akisema huu umeona wivu. Mzee mmoja alileta goti. Munganga alieleza, akaeleza tena, halafu akachoka akalifunga lile goti, akaliminya, na mzee akaondoka akitembea vizuri zaidi. Mimi niliyekuwa nikitaka kujua jambo moja tu, namna kitu kizito kama risasi kinavyoweza kupanda kama maji, sikuwa na mtu wa kunieleza. Munganga alisema: "Ni hewa." Nikiuliza hewa inafanyaje, alinituma kuni.

Siku ya nne alinipa ufunguo nilipanguse sanduku, akalala baada ya chakula. Nilifungua kofia ya juu ya mrija. Nilitaka tu kuona kama zebaki inalowesha mkono. Hailoweshi. Nilimimina kidogo kiganjani, nzito, baridi, haitulii, na nilipogeuza kiganja nione upande wa pili ilinitoka, ikapasuka sakafuni vipande mia, kila kimoja duara kamili, vikikimbilia kwenye nyufa. Niliifukuza kwa magoti na jani la ndizi. Nyingine ilipotelea kwenye udongo. Niliyoikusanya ilikuwa na vumbi na vipande vya majani, sikuthubutu kuirudisha hivyo. Munganga alikuwa ameanza kukohoa kitandani. Nikaitia katika kichupa kitupu cha kwinini, nikakiweka mfukoni, nikafunga sanduku. Nilipanga kuichuja kwa kitambaa na kuirudisha kesho yake.

Kesho yake munganga alijipima kabla ya chai. Akajipima tena. Kisha akasema taratibu: "Kumi na sita." Alisema kama mtu anayesomewa urithi. Tangu saa ile alichukua ufunguo, akautundika shingoni, akawa anajipima asubuhi na jioni kwa furaha. Mimi nikabaki na kichupa.

Siku ya pili ya furaha hiyo alikata kipande cha makayabo, aone kama hakijaoza. Hakikuwa kimeoza. Siku ya tatu alikagua tena. Tulipokaribia Wamaza furushi la wakwe lilikuwa limebaki nusu, na munganga alikuwa mtu mpole anayeimba njiani. Namba yake ilikuwa imeanza kupanda hadi kumi na saba, akasema ni milima. Nami nilikuwa nakula kwa amani. Niliunganisha mambo haya mawili, kichupa na namba, au sikuyaunganisha? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani niliyaona yamesimama karibu karibu, nikageuza macho.

Wamaza ndiko alikoolewa dada yangu mkubwa. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuja na mume wake asubuhi kwenye nyumba ya wageni wa serikali tulikofikia, na nilipomwona sikumtambua haraka. Uso ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo. Miguu ilikuwa imevimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Alisema kichwa kinamuuma siku ya nne na kwamba anaona cheche, kama mtu aliyepuliza moto kwa muda mrefu. Munganga alimpima, akasoma: "Kumi na tatu. Nzuri." Akamwambia apumzike, aache pilipili.

Nilikuwa nyuma yake. Hewa ilipoisha kitambaani nilitazama mahali zebaki inapolala. Ilipaswa kulala kwenye mstari wa sifuri. Ilikuwa imelala chini yake, upana wa kidole gumba, na juu yake kioo kitupu. Kila namba tuliyosoma tangu nilipoimwaga, juma zima, ilikuwa imekatwa mbili. Kumi na tatu ya dada yangu ilikuwa kumi na tano, na mwenye mimba wa namba hiyo hupelekwa hospitali.

Njiani, mbele ya ghala, kamyo, lori la kampuni ya pamba, ilikuwa inapakiwa. Ingeondoka saa sita kwenda Kasongo. Nyingine ingekuja baada ya majuma mawili.

Nilimvuta munganga pembeni nikamwambia yote, tangu kofia ya mrija mpaka kichupa. Nilitegemea anipige. Kama angenipiga ingekuwa rahisi. Badala yake aliniuliza:

"Uliachia darasa gani?"

"La tatu."

"Basi," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Nilimwonyesha mstari wa sifuri. Akasema zebaki nayo inachoka na barabara, inalala chini kidogo. Nilimwuliza kwa nini haikulala chini siku tulipotoka Kasongo. Akasema mashini ya Leta, yaani ya serikali, iliyovuka bahari kutoka Bulaya, haiwezi kuuawa na kidole cha mpishi. Nilimwambia yeye mwenyewe tansio yake haikushuka hata kidogo, na kwamba hapo hakuwa anatetea mashini ya Leta, alikuwa anatetea makayabo. Hilo lilikuwa kosa langu la pili. Alikunja kitambaa, akafunga sanduku, akatangaza kwamba kazi imesimama mpaka nijue adabu. Watu waliokuwa wamepanga mstari wakaanza kunilaumu mimi.

Nilimgeukia shemeji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shamba la pamba ambalo msimamizi wa kampuni alikuwa anadai mavuno yake, na alikuwa ameambiwa neno tamu, *nzuri*, mbele ya watu. Alinishika bega kwa upole. "Shemeji, munganga amesema. Weye njo munganga?" Nikaeleza tena habari ya mstari wa sifuri. Alitikisa kichwa kwa heshima yote, kama mtu anayemsikiliza mlevi wa ukoo wake. Jua lilikuwa linapanda. Pale ghalani walikuwa wanahesabu magunia ya mwisho.

Aliyemaliza maneno alikuwa dada yangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono kwenye paji la uso, nami nilidhani hasikii.

"Munganga," akasema, "huyu mdogo wangu, mambo yake miye naijua. Saa ya baba aliifungua, ikashindwa kufungika. Redio ya padri aliifungua, wakamufukuza. Uongo hasemi. Lakini kufungua vitu vya watu, hiyo iko kazi yake. Kama anasema alifungua, alifungua."

Watu wakacheka. Munganga hakucheka.

"Umupe ufunguo," dada akaendelea. "Kama ile iko kichupani ni maji ya bure tu, itafanya nini? Ama unaogopa?"

Mbele ya mstari wote ule wa watu hakuweza kusema anaogopa. Alivua ufunguo shingoni akanitupia. Kwanza nilimwomba ajipime. Kumi na saba. Kisha nikachuja zebaki kwa pindo la shati, nikafungua kofia, nikaimimina tone kwa tone. Zebaki ilipanda taratibu kwenye mrija mpaka ikafika karibu na sifuri, imepungua unywele tu. Nikamwambia sasa ajipime tena.

Alijipima mkono wa kulia. Alijipima wa kushoto. Hakutangaza namba, lakini nilikuwa nimesimama mbele ya kioo: kumi na kenda. Aligeuka akatazama furushi kwenye baiskeli yangu. Halafu akamwita dada yangu, akampima, akasema kwa sauti ndogo, "Kumi na tano." Akainama, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akalitazama lile shimo kana kwamba limechimbwa dakika ile.

Kutoka hapo alikuwa mtu mwingine, na hakuna kilichoniudhi zaidi. Aliandika barua ya hospitali kwa haraka hata kalamu ikatoboa karatasi. Alimpigia kelele shemeji kwa kuzubaa. Alisimama mbele ya kamyo, viatu vyake kwenye tope, dereva alipokataa kubeba mgonjwa juu ya pamba ya kampuni, akamwambia basi amkanyage yeye kwanza. Na mimi niliyekuwa nabeba mkeka akanigeukia mbele ya wote. "Jambo kubwa hivi, kwa nini hukusema mapema?"

Nilikuwa na majibu kama kumi, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Tulimlaza dada yangu juu ya magunia, mume wake akapanda naye. Kamyo iliondoka imechelewa kidogo, kwa laana za dereva. Habari zilitufikia Kabambare baada ya majuma matatu: amejifungua hospitalini kabla ya siku zake, mtoto ni mdogo kama kuku lakini analia, mama amelazwa, amekatazwa chumvi.

Jioni ile ya Wamaza munganga alinipa makayabo yaliyobaki, akaniambia nikale mahali asipopaona. Nilikula nyuma ya jiko. Hakuandika kosa langu kwenye ripoti, na naamini hiyo ndiyo ilikuwa asante yake, kwa sababu nyingine sikuipata. Wakwe zake waliambiwa samaki waliibiwa njiani. Hata hapo macho yote yalinitazama mimi.

Lakini kilichonichosha kabisa ni safari ya kurudi. Tulipita vijiji vilevile vya juma la kichupa, tukapima watu walewale, na kila mtu aliyekuwa na kumi na mbili sasa alisomewa kumi na nne. Walikasirika. Walisema mashini ilikuja nzima, ikaharibiwa Wamaza na yule mwenye baiskeli, watu waliona kwa macho yao akiimiminia kitu. Munganga alisikia akakoroga chai. Nilieleza habari ya sifuri katika kila kijiji mpaka sauti ikakauka. Yule mama wa mikono miwili aliniambia nirudishe mashini ilivyokuwa.

Mtoto wa dada yangu sasa anakwenda shule. Nikipita Wamaza huwa nakula kwao, na dada hakosi kuwasimulia wageni. Anasema: "Miye nilikuwa na kumi na tatu yangu, munganga ameisifu, nimekaa zangu. Huyu akaniongezea mbili." Wageni wananitazama. Naanza kueleza: kwamba sikuongeza kitu, kwamba zile mbili zilikuwa mwilini mwake muda wote, kwamba zebaki ikipungua namba inapungua lakini damu haijui. Nachora mstari wa sifuri kwa kidole juu ya meza. Dada yangu ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananiomba nimsogezee chumvi.