Ngozi Niliyoiharibu Nambilanje

Watu wakiniuliza kemia nilijifunzia wapi, nawatajia chuo, kwa kuwa ndilo jibu wanalolitaka. Jibu lenyewe hasa ni uwani kwa mjomba wangu, Nambilanje, kwenye mapipa matatu yaliyonuka kiasi kwamba wageni walikuwa wakiaga kabla chai haijachemka.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mtengeneza ngozi. Ngozi za mbuzi zilimfikia kutoka machinjioni Ruangwa na kwa wakulima wa upande wa Mbwemkuru, zikatoka mikononi mwake zikiwa makubazi, mikanda na, zaidi ya yote, ngoma. Kwetu Wamwera mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, na yeye sauti yake aliitumia kunipeleka sekondari Nachingwea, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati ndugu wengine walishaanza kuulizana nitaolewa lini. Hilo peke yake lingetosha nimshukuru maisha yangu yote.

Zamani alikuwa akinyonyoa manyoya kwa majivu. Ngozi inalowekwa siku nyingi, inageuzwa, inakwanguliwa, na mgongo unauma. Halafu mfanyabiashara mmoja akamletea dawa ya vipande vya njano yenye harufu ya mayai viza, na manyoya yakawa yanatoka kwa siku moja. Mjomba alifurahi sana. Vidole vyake havikufurahi. Kucha zilianza kulika, viganja vikapasuka, na maji aliyoyamwaga korongoni yakawa yanateremkia upande wa kisima cha majirani. Mwenyekiti wa kijiji akaja, akamwambia kwa adabu kwamba jambo hilo haliwezi kuendelea. Mjomba aliitikia kwa adabu vilevile.

Mgeni alipoondoka akaniambia, "Kurudi kwenye majivu siwezi tena, mama. Mgongo umekataa. Basi nitaacha kazi."

Wakati huo nilikuwa nasoma chuo, nimekuja likizo fupi, na nilikuwa nimejiingiza kwenye utafiti wa vichocheo. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha kazi ya kikemia bila chenyewe kuisha. Cha kwangu kilikuwa kwenye utomvu wa papai bichi, uleule unaolainisha nyama ngumu mama anapoifunga kwenye majani ya mpapai. Nilikuwa nimeona maabara jinsi unavyolegeza manyoya kwenye ngozi bila dawa yoyote ya kuunguza vidole. Nikamwambia, "Usiache, mjomba. Desemba nakuja na dawa yangu." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosea kitu.

Desemba ile kulikuwa na unyago. Kungwi, yaani mama anayewafunda wali, wale wasichana wanaochezwa, alileta ngozi ya mbuzi waliyemchinja kwa ajili ya ngoma kubwa ya kuwatolea wasichana nje. Zilikuwa zimebaki siku nne. Mjomba akaipokea, akanikabidhi palepale mbele ya yule mama. "Hii atainyonyoa msomi wetu," alisema, na kichwa changu kikavimba.

Asubuhi iliyofuata niliipaka utomvu, nikaikunja, nikaiweka kwenye ndoo kando ya ukuta, nikaenda zangu kusalimia watu. Chuoni tulifanya kazi kwenye chumba cha ubaridi, saa ukutani na daftari mkononi. Uwani kwa mjomba kulikuwa na jua la Desemba na ukuta wa bati, na mimi nilikuwa nyumba ya tatu nakula mihogo na kusifiwa. Niliporudi alasiri manyoya yalitoka yenyewe kwa kuguswa tu. Nilipiga kigelegele. Kisha nikaivuta ngozi niinyooshe, nayo ikaachana mkononi kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Mjomba akaja, akaibonyeza kwa kidole gumba kama alivyozoea kupima. Gumba likatokea upande wa pili. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ningekuwa yeye ndoo ile ingeruka hadi barabarani. Yeye alichuchumaa tu, akaniuliza:

"Hiki kitu chako, umesema hakichoki?"

"Hakichoki, mjomba."

"Sasa nani anakiambia, 'Basi'?"

Akaniambia kwamba majivu yake, akitaka yaache kazi, huitia ngozi kwenye uraka uliochacha. Uraka ni pombe ya mabibo, na mjomba wangu, mtu wa swala tano, alikuwa na mtungi wake uwani mwaka mzima. Aliyemtazama vibaya aliambiwa kwamba ngozi haina dini. Nilikuwa nimepita kando ya mtungi ule tangu utoto, nikiziba pua, bila kuuliza hata mara moja ni wa nini.

Kesho yake asubuhi kungwi alikuja na wanawake wawili kuangalia kazi imefikia wapi. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nakumbuka nilikuwa nimeshavuta pumzi. Mjomba akanitangulia.

"Nimeiharibu mimi," alisema, akawanyooshea viganja vilivyopasuka. "Mikono hii imezeeka, mama zangu. Nisameheni."

Nilimwacha mzee aliyeishi kwa jina la kutokosea ngozi alitoe sadaka jina lile mbele ya wanawake watatu, ili msomi wake asichekwe. Siku ileile alichinja beberu wake mwenyewe, akachemsha maji ya majivu makali ya kuharakisha kazi, na tukakwangua wote wawili, yeye na mgongo wake uliokataa. Ngoma iliwambwa kwa wakati, wali wakatoka. Mimi nilirudi chuoni na aibu ambayo sikumwambia mtu.

Lile swali lake ndilo lililokuwa utafiti wangu kwa miaka iliyofuata. Walimu wangu waliliita kwa majina marefu, lakini lilikuwa ni lilelile: nani anakiambia, 'Basi'? Nilijaribu kukigandisha kichocheo kwenye udongo mweupe uliochomwa, ili kifanye kazi kikiwa kimeshikiliwa na kiweze kutolewa. Kikawa kinabanduka. Nikabadili udongo, nikabadili moto, nikalia chooni mara mbili, nikabadili tena. Hatimaye punje zilikubali. Unazitia kwenye mfuko wa kitambaa, unautumbukiza kwenye pipa pamoja na ngozi, na ikitosha unauvuta mfuko. Kinachobaki kwenye ngozi unakimalizia kwa uraka uliochacha.

Katikati ya miaka ya elfu mbili niliupeleka mfuko wa kwanza Nambilanje. Mjomba alikuwa hajaacha kazi. Alikuwa amepunguza, anachimba shimo mbali na korongo kwa ajili ya maji ya dawa, ananisubiri. Tulitengeneza ngozi tatu, nami sikutoka uwani hata kwa kuitwa kula. Baada ya miezi kadhaa nilirudi, nikaona kucha zake zimeota upya. Nilimshika mikono mbele ya watu, nikalia, naye akaniuliza kama nimefiwa.

Siku hiyo nilikwenda kwa kungwi. Nilimkuta anapepeta mtama.

"Mama," nilisema, "ile ngozi ya unyago niliiharibu mimi. Si mjomba."

Hakusimamisha ungo. "Tulijua siku ileile."

"Mlijuaje?"

"Mjomba wako hajaharibu ngozi tangu nimjue. Na wewe ulikuwa unaangalia chini kama mwali."

"Mbona hamkusema?"

"Yeye alitaka tuamini. Tukaamini." Akapuliza makapi. "Miaka yote hii wewe uko huko mjini, ngoma zetu unadhani tunampelekea nani?"

Nilirudi nikamkuta mjomba ameingiza mikono kwenye pipa hadi viwikoni, bila woga wowote. Nikamwambia nimeshasema kwa kungwi. Aliibonyeza ngozi kwa gumba, akalitazama bonyeo dogo lililobaki mahali pa kidole, akaridhika.

"Haya, mama," alisema. "Imetosha. Vuta mfuko."

Nikauvuta.