Siku Majirani Waliponiletea Uji

Miaka ya tisini nilipelekwa Kegonga kama afisa wa malisho. Sikujua Kikuria, na jioni nilikula peke yangu nikisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani.

Nilitaka kuwaonyesha wafugaji kwamba malisho yakipumzishwa, vijidudu vya udongoni huongezeka, huozesha samadi na kuipa nyasi nitrojeni. Kwa hiyo nikafukia kitambaa cheupe cha pamba kwenye malisho yaliyopumzishwa, na kingine pale ng'ombe walipolishwa kila siku. Penye vijidudu vingi, kitambaa huoza upesi. Kila asubuhi nilichuchumaa pale nikazungumza na vijidudu, maana sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye. "Kuleni, watoto wangu," niliwaambia.

Jumapili moja majirani wakaja na uji na kuku. Nyumba ikajaa. Kila mmoja alinishika mkono akisema, "Pole, ofisa." Nilidhani wameuona upweke wangu. Nami, kwa ujinga wangu, nikawashukuru, nikawaeleza jinsi ilivyo vigumu kubaki peke yako, mpaka machozi yakanitoka. Wanawake wakalia pamoja nami. Sijawahi kufarijiwa vile.

Ndipo Mama Robi, jirani mwenye ile redio, akaniuliza polepole, "Tulikuona ukimzika na sanda yake. Alikuwa msichana ama kijana?"

Wote wakanigeukia.

"Mama," nikasema, bila kumtazama usoni, "hakuna mtoto. Nilizika kitambaa, nione kama kitaoza."