Barua Ndani ya Disketi

Katika ofisi ile ya ardhi, kompyuta kuukuu ya stoo ilikuwa inaelewana na mtu mmoja tu: karani wa masjala, mama wa miaka hamsini na tisa aliyebakiza miezi minne astaafu. Mkuu wa ofisi alipotangaza kwamba kumbukumbu zote za viwanja zihamie kwenye mfumo mpya, watu wote walimgeukia yeye. Disketi zilikuwa mia nne na kumi na mbili.

Fundi wa kompyuta alileta kifaa chake kipya cha kusomea disketi. Kikasoma tatu, kikagoma.

"Mama, hizi zimekufa."

"Hazijakufa. Hazikujui tu."

Karani akaitumbukiza moja kwenye kompyuta ileile iliyoziandika miaka ishirini na tano iliyopita. Ikakoroma, ikakohoa, ikasoma.

Basi wakakubaliana: yeye atazinakili zote humo, kisha fundi aichomoe diski ya ndani na kuipeleka kwenye mashine mpya. Karani akahamia stoo na pamba na chupa ya spiriti, akawa anafuta ukungu, anatumbukiza, anasubiri.

Wiki ya tatu, kwenye lebo ya disketi moja, akakutana na mwandiko wa marehemu mume wake, aliyekuwa mpima ardhi wa ofisi hiyohiyo: "Vipimo vya mtaa wa juu. Usifute." Ndani mlikuwa na vipimo, na barua moja kwa mkuu wa ofisi. Aliomba uhamisho kwenda popote, hata kusiko na umeme. Sababu: mama mkwe wake, yaani mama wa karani, alikuja kukaa wiki mbili, na sasa ni mwaka wa sita.

Barua ile haikuwahi kutumwa; ingepitia masjala kwake, angejua. Miaka yote mumewe alimwita mama mkwe "mgeni wetu", naye karani akidhani ni heshima.

"Hiyo nayo tuihamishe?" fundi akauliza, akichungulia begani.

"Hiyo si kiwanja."

Akainakili kwa kalamu, akaenda nayo nyumbani. Mama yake, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu kama kawaida. Karani akamsomea neno kwa neno.

"Kumbe alijua kuandika vizuri hivyo," mama akasema. "Mbona hakuituma?"

"Sijui, mama."

"Angeituma tu. Ningewasaidia kufunga mizigo, tukaenda wote."

Karani alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu mazishi, miaka tisa, hakuwahi kumcheka mumewe. Kisha machozi yakamtoka, na mama akamwambia akanawe uso, chakula kinapoa.

Disketi zilizobaki alizimaliza baada ya wiki tatu nyingine. Sita zilikataa katakata. Ripoti yake kwa mkuu haikujaza hata nusu ukurasa: sita zimeshindikana, vipimo vyote vya mtaa wa juu vimehamishwa, barua moja imechukuliwa na familia.

Mkuu akaisoma, akagonga muhuri.