Maneno ya Husnah kwenye Maiki ya Rama

Mimi nakaanga chapati nje ya ukuta wa kibanda cha video hapa Kasubi, Kampala, kwa hiyo picha zote nazisikia na hakuna hata moja niliyoiona. Ukuta wenyewe ni mabati. Nikigeuza chapati, ndani mtu anapigwa risasi. Nikikata kitunguu, ndani mtu anabusiwa. Na vyote vinatoka mdomoni mwa mtu mmoja, Ramathan, ambaye watu wote wanamwita VJ Rama.

Kazi yake ni kutafsiri. Picha ya kigeni inaendelea, yeye anakaa mbele na maiki anasema wanachosema wote, wanaume kwa wanawake. Jumamosi mchana ni zamu ya Kiswahili, kwa ajili yetu sisi Wakenya, Wakongo na wanajeshi wastaafu waliokizoea jeshini. Lakini kutafsiri gani huko! Bwana akimpigia mchumba magoti, Rama anamfanya aulize kama makaa yamebaki. Bibi harusi akinuna, basi shemeji kamaliza nyama. Watu wanacheka mpaka benchi zinapinduka.

Mengi alikuwa anayatoa nyumbani kwake. Mkewe Husnah, Mnubi kama yeye, binti wa Kibuli, ana ulimi mkali, na alichomgombeza mumewe asubuhi, mume alikiweka kwenye picha mchana. Husnah alijua. Alikuwa anakuja kukaa kwenye benchi langu, anasema, "Sikia, Mama Cleopas, huyo ni mimi!" na kucheka hadi machozi. Walipendana wale, wee acha tu.

Halafu mtoto wao akafariki. Alikuwa na siku kumi na tisa tu. Husnah akabaki na tabia moja: kila Ijumaa anafua vile vinguo, anavianika, anavikunja, huku anasema polepole, "Ukirudi usinitafute, niko jikoni." Nilimsikia mara moja, nikiwa mlangoni kwake na sahani ya chapati. Nikageuka nikaenda zangu bila kubisha hodi.

Sasa sikia Rama alichofanya. Mwezi uliopita ililetwa picha ya mapenzi, nusu kichekesho nusu msiba, na mwishoni mama anakunja kofia ya mtoto aliyekufa. Rama, na mdomo wake ule usio na breki, akasema, "Ukirudi usinitafute, niko jikoni." Kwa sauti ile ile ya kike, ya puani, anayoitumia siku zote. Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Aliniapia baadaye kwamba hakukusudia. Alimwona yule mama, maneno yakatoka yenyewe, na sauti ya mwanamke anayo hiyo moja tu. Namwamini. Hata hivyo nilitamani kumchapa na chuma changu cha chapati. Picha ilirekodiwa na sauti yake kama kawaida, ikasambaa kwenye flashi, na Husnah akaisikia saluni, wanawake wamejipanga kwenye viti wanashika mbavu kwa kucheka. Siku hiyo hiyo akarudi kwa mama yake Kibuli.

Rama alikwenda kuomba radhi mara tatu. Jibu likawa moja: "Umenifanya kichekesho mbele ya Kampala nzima, halafu unakuja kuninong'oneza radhi sebuleni?" Wazee wakapanga kikao cha talaka, Jumamosi baada ya swala ya alasiri.

Jumamosi yenyewe, namwona Rama anakuja kazini. "Wewe una wazimu?" nikamwuliza. "Leo?"

"Mama Cleopas, kuna kitu lazima nikisemee hapa kwanza."

Nikampigia Husnah simu. Sikumbembeleza, nilimwambia tu aje akae na mimi nje. Alikuja na boda, akakaa kwenye benchi, hata chai hakutaka.

Rama aliweka picha ile ile. Watu walicheka mwanzo hadi karibu na mwisho. Tulipojua imefika penye kofia, ndani kukawa kimya. "VJ, umelala?" mtu akapaza sauti. Ndipo akasema, kwa sauti yake mwenyewe:

"Maneno niliyoyasema hapa mwezi uliopita hayakuwa ya huyu mama. Ni ya mke wangu. Mtoto alikuwa wetu. Niliyachukua bila ruhusa, na nyinyi mkacheka, na mimi nikafurahi mlipocheka."

Wakacheka tena! Banange, walicheka kweli kweli. Walidhani ni vituko vyake. Akaanza kulia, mmoja akapiga mluzi: "Leo anaigiza hadi machozi!"

Husnah akainuka. Nikamfuata na unga mikononi, nikaingia kibanda kile kwa mara ya kwanza. Alipita katikati ya benchi, akachukua maiki.

"Aliitwa Zuleika," alisema. "Mimi ndiye mama yake."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akavua kofia. Husnah akarudisha maiki mkononi mwa mumewe, akamwambia, "Maliza picha, watu wamekuja kuiona." Akatoka akakaa tena kwenye benchi langu, nami nikamshika mkono hivyo hivyo na unga wangu.

Adhana ya alasiri ikalia. Nikamkumbusha kwamba wazee wanamngoja Kibuli.

"Wangoje," akasema. "Yule akilia hivyo hawezi kurudi nyumbani peke yake."