Trei ya Chapuchapu

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Chapuchapu, mhudumu wa jikoni anayepeleka chai wodini, mwanamke asiyetulia hata akiwa ameketi. Akikaa, mguu unatikisika. Akila, macho yako mlangoni. Mumewe alishazoea kuongea na mgongo wake, maana usoni humpati.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa nafasi moja tu: mbio za mita mia za wanawake katika timu ya wafanyakazi. Nafasi hiyo ilishikwa na wifi yake, dada wa mumewe, nesi wa wodi ya watoto, ambaye kila mwaka alimshinda kwenye mchujo wa timu na kila walipokula pamoja alimkumbusha. "Wifi, hiyo haraka yako yote huwa inaishia wapi?" Watu wanaangua kicheko. Naye anacheka, lakini moyoni panamchoma.

Mwaka huu akamwendea Breki, dereva wa ambulensi ambaye zamani alikuwa mkimbiaji. Breki alimtazama akikimbia kiwanjani, akashika kiuno.

"Dada, hiyo trei utaiweka chini lini?"

"Trei gani tena?"

"Hiyo uliyobeba. Viwiko umevibana mbavuni, shingo imekakamaa. Unakimbia huku unaogopa kumwaga chai!"

Alikasirika, kisha akaitazama mikono yake. Miaka yote alikuwa amejifunza kwenda mbio bila kutikisa chochote kuanzia kiunoni kwenda juu. Ndiyo kazi yake, na aliimudu vizuri mno.

Breki akamfundisha upya. Mikono ianzie begani, kiganja kipande hadi karibu na shavu, kishuke kipite nyonga. Goti lipande. Mguu utue chini ya mwili, usitupwe mbele, maana ukiutupa mbele unajizuia mwenyewe. "Na hayo meno," akasema, "usiyaume. Taya likikaza, bega nalo linakaza, mwendo unakufa."

Ya magoti aliyashika upesi. Kulegeza taya ndiko kulikomshinda. Mtu ameishi kwa kujikaza, leo unamwambia alegee! Nyumbani aliketi sakafuni, miguu ameinyoosha, akawa anapunga mikono mpaka mumewe akamuuliza kama anafukuza nyuki. Kazini nako mikono ikaanza ukaidi. Asubuhi moja, katikati ya korido, mkono wa kulia ulijipungia wenyewe, na chai yote ikamwagikia viatu vya msimamizi wa jiko.

"Ukimwaga tena, utahamia kufua mashuka," msimamizi alisema, huku akikung'uta mguu.

Basi ikawa kutumikia mabwana wawili: wodini mikono itulie tuli, kiwanjani iwe huru. Akawa analala vibaya. Mumewe akimsemesha, anajibiwa ovyo. Aliogopa kwamba siku ya mchujo mikono ingesahau iko wapi.

Siku ikafika. Wifi alisimama kando yake mstarini, anatabasamu. Filimbi ikalia. Viwiko vikajibana vilevile, wifi akatangulia, na Chapuchapu akajisikia kulia. Ndipo akamsikia Breki akipaza sauti kutoka pembeni mwa kiwanja:

"Mwaga, dada! Imwage yote!"

Akaimwaga. Taya likaachia, mabega yakashuka, mikono ikaanza kwenda na kurudi kama ilivyofundishwa, na magoti yakaifuata. Hakumtazama wifi. Alijua tu kwamba vishindo vilivyokuwa mbele yake sasa vilikuwa nyuma, na hakuna aliyemfikia hadi mwisho.

Wifi akaja anahema, safari hii hana utani. "Haya, wifi. Leo umenipita kweli." Akamnyooshea kikombe cha maji.

Chapuchapu akakipokea. Mikono ilikuwa bado haijakubali kutulia, na maji yote yakamwagika kifuani pake. Akasimama hapo, ameloa chapa, akingoja kukaripiwa. Hakuna aliyemkaripia.